Sufuri Tatu

Ujumbe wa benki umeingia saa tano kasorobo.
Niko Mabela, jikoni, mikono ina unga wa chapati.
Salio la mkopo wako: 0.000.
Sufuri tatu baada ya nukta,
maana riali yetu hukatwa vipande elfu
na mimi kila kipande nakijua kwa sura.

Ilikuwa harusi yako, Mundhir.
Mshahara wako ulishafungwa na gari,
ukaniambia, "Dada, jina lako safi."
Jina langu safi likatia saini:
riali elfu tatu na mia sita,
miezi themanini na nne.
Mbuzi kumi na wanane, halwa ya Barka kwa mabeseni,
maua ya kukodi yaliyorudishwa usiku ule ule.
Bi harusi alipendeza. Hilo silipunguzi hata baisa.

Mwezi wa thelathini na moja Shamsa akarudi kwao
na mabegi matatu na paka.
Talaka ilichukua dakika ishirini.
Mkopo ukabaki na miezi hamsini na mitatu.
Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga;
hawakusema matanga yasiyo na maiti
nani anakuja kukupa pole.

Nilianza na dogo.
Duka la Koya: riali kumi na tisa na nusu,
mikate, maziwa, vocha za simu.
Jina langu kaliandika kwa herufi za kwao Kerala,
viduara viduara kama shanga.
Akalipitisha kalamu nyekundu, akanipa ndimu mbili za bure.
Halafu fundi wa kiyoyozi.
Halafu upatu wa kina Zuwena,
niliokula mapema nikaanza kuwakwepa misibani.
Halafu bangili za bibi,
zilizotoka Unguja ndani ya mshono wa godoro.
Pale Matrah muuzaji alipima dhahabu,
hakupima godoro.

Agosti mbili tulilala sebuleni, watu watano, kiyoyozi kimoja,
mama akihesabu pumzi zetu badala ya kondoo.

Nikalizoea. Deni lina sura ya tarehe ishirini na tano:
linakuja limeoga,
linabisha hodi kwa adabu,
linakula kabla ya wenye nyumba.

Na leo, kabla sijanawa,
umeingia wewe, unanukia udi,
unazungushazungusha funguo kidoleni.
"Dada, kuna binti mmoja wa Samail."

Nimecheka mpaka chapati ikaungua.
Umedhani nimefurahi.
Na nimefurahi, ndiyo ajabu yenyewe.

Nimepanda kiti, nikashusha juu ya kabati
mdila wa harusi ile, bado umo kwenye nailoni.
Chukua. Umelipwa leo asubuhi.
Ukumbi msitafute: ua wa mama unaenea watu thelathini,
na watakaobaki nje
hawakuwa wakija kwa ajili yenu.

Unaniuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu jina.
Lile safi.
Nimelifua miaka saba, kaka yangu.
Liko kambani.
Usiliguse, bado bichi.