Ncha ya Kanga

Nilikuwa na macho makali, ndiyo maana nikapewa kibano.
Kila Jumapili, kabla jua halijakaza,
mama aliketi mlangoni pa tembe, uso juu,
nami nikamng'oa kope mojamoja,
zile zilizogeuka zikaingia ndani,
zikimkwaruza mboni kila alipopepesa.
"Ipo moja bado," akisema. "Huku. Kama mchanga."
Nyembamba kuliko uzi wa buibui.
Ikishang'oka, alishusha pumzi,
akainuka kwenda kutwanga uwele.

Wahenga wanasema macho hayana pazia.
Yanalo. Nimelishika kwa vidole vyangu.
Lake liliota miiba.

Pale Njoge kila mtu alikuwa na sababu yake.
Babu Mbogoni alilaumu vumbi la kiangazi.
Shangazi Nyemo, moshi wa kuni mbichi.
Mganga wa ng'ambo ya korongo alisema ni jicho la jirani,
akataka mbuzi, akapewa,
na jirani hatuamkiani mpaka leo.
Nzi hawakutajwa.
Nzi walikuwa wa zizini, wa ndama, wa nyumbani,
walishukia pembe za macho ya watoto
kama ng'ombe wanavyoshukia lambo,
na hakuna aliyewafukuza.
Utafukuza wangapi?

Ndipo akaja Chilongani, kwa baiskeli,
na tochi, na fimbo yenye mistari.
Akamkalisha Ndahani, kitindamimba wetu,
akakipindua kikope chake cha juu
kama mtu anayekung'uta mfuko wa shati,
akaniita nione:
vipele vyeupe, vitano, sita,
chenga za mtama juu ya nyama nyekundu.
"Vikope," alisema. "Hii ni mbegu."
Akamgeukia mama. "Na ule ni mti."
Hauji kwa upepo wala kwa kijicho.
Unapita kwa kidole. Kwa ngozi moja ya kulalia.
Kwa miguu ya nzi.
Kwa nguo inayofuta uso huu, kisha ule.

Mama akaacha kupepesa.
Akaitazama ncha ya kanga yake.

Ile ncha! Kila asubuhi aliitia mate kidogo,
akatufuta tongotongo kwa zamu,
kuanzia kwangu hadi kwa Ndahani,
na kutoka kwa Ndahani kurudi kwangu, nikiwa nimelia.
Sijaguswa tena na kitu laini vile.
Upindoni iliandikwa: NAWAPENDA WOTE SIBAGUI.
Kweli, hakubagua.

"Wanawishwe uso kila siku," alisema Chilongani.
"Kwa maji yapi?"
Mama hakuuliza kwa ubishi. Tulikuwa na ndoo moja,
punda wa kuazima,
mwendo wa saa tatu hadi kisima cha mchangani,
na ukifika unasubiri kijasho cha ardhi kijae kata.
Chilongani akaitazama fimbo yake.
Hilo hakuwa na dawa yake.
Alikuwa na vidonge; akatupima urefu, akatugawia,
akapanda baiskeli.

Usiku ule nilisikia mkasi.
Kulipokucha kila mtoto alikuwa na kipande chake
na msumari wake ukutani.
Matika alipata PENDA, akaringa wiki nzima.
Mimi WOTE.
Mapacha walipewa SIBA na GUI,
wakagombana kwa kuwa havina maana.
Ndahani alipewa cha mwanzo. Hakujua kusoma.
Alipoingia darasa la kwanza
ndipo siku moja akasimama mbele ya msumari wake,
akaunga herufi kwa sauti, taratibu:
Na. Wa.
Nawa!
Mama akacheka hadi machozi yakamtoka, jicho moja.

La kulia lilishafunga ukungu.
La kushoto lilishonwa shuleni, darasa la tatu,
juu ya madawati mawili yaliyounganishwa,
ubaoni bado kuna hesabu za kujumlisha.

Kibano ninacho. Kimeshika kutu, sikitupi.
Kisima nacho kiko palepale.
Juzi nimepita, nimekuta foleni ya ndoo,
na mama mmoja kijana, simjui,
amemwinamia mwanawe,
ncha ya kanga kidoleni.
Nikasimama.
Sikujua nianzie wapi.
Nikamuuliza jina la kanga.