Mwenye Nyumba ni Tunu

Afisa ustawi ana kalamu mbili, moja imekwisha wino,
na karatasi yenye visanduku vya siku saba.
"Jumatatu hadi Ijumaa, kwa nani?
Wikiendi? Sikukuu?"
Anampanga mwanangu kama mgao wa maji.

Nikasema: kabla ya siku, andika haya.
Andika kikombe cha bluu, cha plastiki, kimepasuka mdomo;
chai ndani ya kikombe kingine si chai.
Andika wali huku, maharage kule.
Vikigusana, siku imekwisha.
Andika dawa ya kifafa saa mbili usiku, kijiko kimoja na nusu,
saa mbili, si na robo.
Andika jenereta la jirani likinguruma
huingia uvunguni, akaziba masikio,
nasi hulala sakafuni kando yake, hatumvuti.
Andika: ana miaka kumi, hajatamka neno,
lakini kila jioni hupanga viatu mlangoni,
vyangu, vya baba yake, vyake,
na tangu baba ahame, mwezi wa tatu,
hupanga jozi mbili, kisha hukaa
akiitazama nafasi.

"Mama, fomu haina sehemu hiyo."

Mikidadi alikuwa benchi lile lile,
kati yetu mkoba wangu na miaka kumi na miwili.
Sikumpenda siku ile. Hata leo simpendi,
talaka yangu ninayo, chini ya vitenge, imekunjwa mara nne.
Lakini alifungua mdomo, akasema polepole
kama mtu anayehesabu hela ya kuazima:
"Nilimchukua Kijichi siku tatu.
Ya kwanza, aliutafuta mlango wa choo ukutani,
pale ulipo Tabata.
Ya pili, aliutafuta tena.
Ya tatu nikamrudisha."
Akanyamaza. "Lile jeraha la paji la uso, ndilo hilo.
Nilikwambia ameteleza."

Sikujua nilie au nimpige.
Nje muuza karanga aligonga chupa yake, kih kih kih,
na afisa akatazama saa.

Nani alisema kwanza? Yeye ananitaja mimi, mimi namtaja yeye;
ni ugomvi pekee tuliobakiza wenye adabu.
Kwamba Tunu asihame.
Tuhame sisi.

Basi nyumba ya Tabata ni ya Tunu,
sisi wapangaji wake, wa zamu.
Jumapili saa kumi anaingia mmoja na begi,
anatoka mmoja na begi.
Tumepanga chumba Vingunguti, kodi ya kuumiza,
wiki yangu, wiki yake, humo hatukutani;
ufunguo unashinda kwa mama Zamoyoni muuza mkaa,
ambaye amekwishachoka kuuliza.
Dada yangu hucheka: "Mmeachana mkabakiza kitanda kimoja!"
Ndiyo, namwambia. Ila shuka mbili.

Sisemi ni vizuri.
Huacha sabuni ikiloa. Huacha redio kwenye mpira.
Juzi nilikuta kanga isiyo yangu,
nikaikunja, nikaiweka kwenye kiti, nikalala naupa uso ukuta.
Nikiolewa, nani atakubali mke wa wiki moja moja?
Na tukifa? Fomu haina sehemu hiyo pia.

Kwenye daftari la jikoni tunaandikiana.
*Dawa imebaki robo chupa.*
*Jana kacheka mara mbili, sababu sijui.*
Mstari huo niliusoma nimesimama, sufuria ikaungua.

Kila mmoja ameacha ndala za pili mlangoni,
hata asipokuwepo zipo.
Tunu hadanganyiki; anajua ndala zipi ni tupu.
Huzipanga na zake, visigino vikitazama ukuta,
kisha ndani ya zile tupu hutia kokoto moja.

Nikirudi Jumapili naitoa, naitia mfukoni.
Sijui ni hesabu, sijui ni lawama.
Ninazo kumi na saba.