Zawadi ya Sikudhani

Nimeipa simu picha zako zote, dada,
mia mbili na kumi na moja, tangu uhamie Newala.
Nimnunulie nini Sikudhani, Jumamosi anatimiza arobaini?
Haikuchukua hata muda wa kumeza mate.
Marashi, ikasema. Miwani ya jua.
Kitabu cha mapishi
(uliposti ugali wa mtama mara moja, umeungua, unacheka).
Halafu ikasisitiza: pete,
maana hajaonekana na pete.

Hapo nikarudi kwenye picha, moja moja.
Harusi ya Chitanda: mikono ndani ya kanga.
Idi: mikono nyuma ya mtoto wa watu.
Foleni ya maji, ndoo hadi barabarani, wote wanapunga,
wewe umekunja ngumi.

Simu haijawahi kubangua korosho.
Haijui mafuta ya ganda yanavyokula ncha za vidole,
na ule weusi usiosikia sabuni wala ndimu.

Nimeshuka Masasi, nimechukua glavu,
jozi sita, na chupa ya mafuta ya nazi.
Zimo kwenye basi la asubuhi, kwa kondakta.
Zikifika usizipige picha.
Nipigie.