Kabla ya Karatasi

Mosunmola, soko la Owo lilishakata shauri
kabla sampuli hazijafika kwangu.
Wagonjwa watatu kwa wiki moja, upepo wa jangwani
ukipaka vumbi kwenye midomo yetu:
seremala, binti msusi wa karibu na stendi,
na Akinlabi wako, aliyevuja damu ufizini
akiomba maji yasiyokaa tumboni.
Wote walikula unga wako wa muhogo.
Kwisha maneno. Karai lako wakalimwaga barabarani.

Mimi nilikuwa na friji, jenereta inayokohoa,
na mashine ndogo kama kasha la miwani
inayosoma kirusi herufi kwa herufi:
A, C, G, U.
Nne tu. Hata mtoto wa chekechea angezimaliza kwa siku moja.

Nikiri: usiku ule nilitaka uwe wewe.
Balaa lenye mwenyewe huonekana dogo.
Nilingoja mistari ifanane,
mzizi mmoja, matawi matatu.

Saa kumi alfajiri jenereta ikazima.
Nikaivuta kamba, nikaitukana, ikawaka.
Herufi zikaja, zikakataa kufanana.
Cha seremala na cha msusi
viliachana kabla bibi zetu hawajazaliwa;
cha mumeo hakikuwajua wote wawili.
Hakuna aliyemwambukiza mwenzake.

Tukatega darini. Panya wa kwa seremala
alibeba herufi za seremala, karibu zote.
Wa kwa msusi, za msusi.
Na wa darini kwako, Mosunmola,
hilo nalo sikukuficha.

Tukaacha kuuliza nani alimshika nani mkono.
Tukagawa ndoo zenye mifuniko,
tukaziba matundu kwa saruji,
tukapita tukisema: usianike unga chini, jamani,
funika, funika, hata ukitoka dakika moja.

Nilikuletea karatasi. Hukuigusa.
"Hizo herufi zako," ukauliza,
"zinalijua jina lake?"
Hapana, nikasema. Zinajua njia tu.

Ukaokota karai, ukakwangua ukoko wa vumbi,
ukalitaja jina lake kwa sauti
mlangoni, jirani zako wakisikia,
ukalitaja tena.

Wateja walirudi mmojammoja.
Wa kwanza hakuomba radhi.
Aliomba apunguziwe bei.