Kidole Gumba

Mashine ilikikataa kidole changu.
Kijana wa mradi, kizibao chake bado kina mikunjo ya dukani,
alikipangusa kwa kitambaa, akakibonyeza tena kwenye kioo.
Ikakataa. Cha kulia, ikakataa. Cha shahada, cha kati,
hata hiki cha mwisho kisichojua kazi.
"Mama, huna alama," akasema.
Nikacheka. Alama nimezimaliza, mwanangu,
kwenye mpini wa jembe, miaka sitini,
mingi katika mashamba ya watu.

Nyuma yangu foleni ilishuka hadi barabara ya Mudaka,
fimbo kwa fimbo, kikohozi kwa kikohozi,
na M'Lukwebo amebebwa mgongoni na mjukuu
kama gunia la makaa liendalo Kadutu.
Mwishowe wakanipiga picha. Uso ulikubaliwa.
Ulikuwa na mistari ya kutosha.

Siku ya tano, jioni, simu ya Ansima ililia mara moja.
Akasoma. Akasoma tena. Akaninong'oneza kiasi
kana kwamba kuta za udongo nazo zinanidai.
Sikulala. Nilihesabu majina, si pesa:
mwenye duka la chumvi, muuguzi wa zahanati,
fundi aliyempigia Zihalirwa sanduku
na miaka minne hajanikumbusha,
ila kila akinisalimu huuliza habari za mbao.

Novemba Mugaruka akaja na daftari lake.
Huja kila mwaka maharagwe yakitoa maua.
Huyanunua hivyo hivyo, udongoni, beseni kwa bei ya kikombe,
na Januari hutuma vijana wavune, mimi nikiokota
zilizoangukia njiani.
"Mwaka huu maua hayauzwi," nikamwambia.
Akatazama viatu vyake. Nami nikavitazama.
Vilikuwa vimechanika kisiginoni, maskini,
na mimi sikuwahi kuviona;
macho yangu siku zote yalikuwa mikononi mwake.

Nikamwajiri Mushagalusa apalilie.
Mimi! Niliyesimama alfajiri milangoni mwa watu
nikisema naweza, bado naweza, niangalieni.
Nikakaa juu ya jiwe. Miguu haikujua ifanye nini.
Ndipo nilipoliona shamba langu kwa mbali,
kutoka migomba hadi mfereji.
Dogo.
Nilidhani ni kubwa, kwa jinsi lilivyonila.
Nilimsahihisha matuta mpaka akaniomba nimwache,
na saa sita nikamlipa kabla hajafuta jasho,
kwani ninajua anavyosimama mtu
anayengoja kulipwa.

Mwezi wa nne kijana wa kizibao akarudi na maswali.
Pesa zilikwenda wapi? Alikuwa na vijisanduku:
chakula, dawa, shule, mifugo, mengineyo.
Nikamtajia kuku wawili, mmoja kafa.
Nikamtajia dawa ya goti, madaftari ya Ansima,
mbao za sanduku, na sukari, ndiyo, sukari,
andika, sioni haya.
Kisha nikamwambia kuhusu asubuhi moja ya mvua.
Mvua ile kubwa iliyoanza Kahuzi ikatufikia gizani.
Nilikuwa na unga. Nilikuwa na chumvi.
Nikavuta blanketi, nikaisikiliza ikipiga migomba,
kama wanavyoisikiliza wenye mishahara kule Bukavu,
hadi usingizi ukanichukua mchana kweupe.
"Hiyo niiweke wapi?" akauliza, kalamu hewani.
Sikumjibu. Si mimi niliyechora vijisanduku.

Mwezi wa saba simu haikulia.
Ansima aliipeleka hadi juu kilimani, labda mtandao.
Nilimwita arudi, jua linazama.
Jembe nimelitoa nyuma ya mlango,
goti linauma upande ule ule,
na Mugaruka amepita leo, ametembea polepole.

Lakini kuna mtungi wa mbegu chini ya kitanda,
maharagwe yangu mwenyewe, nimeyachanganya na majivu.
Miaka mingine, Agosti, tulikuwa tumekwisha kuyala.
Usiku naufunua, natia mkono hadi kiwiko.
Sijagusa chini.