Chumba Namba Nne

Dirisha langu lina nondo sita na tundu la kupitisha mkono.
Nyuma yangu ukutani, karatasi ya nauli imekaukia gundi:
Mtanzania, shilingi.
Mkazi, shilingi, juu kidogo.
Asiye mkazi, dola, na dola yenyewe iwe mpya,
isiwe na mkunjo, isiwe na alama ya kalamu.
Sikuiandika mimi. Mimi niliibandika tu.

Jumanne, mvua ya Kyela ikipiga bati kama inadai deni,
walifika bandarini wawili chini ya mwavuli mmoja:
Gwantwa, muuza mchele wa Ipinda,
na Subilaga, dada yake, aliyeolewa ng'ambo ya Songwe,
mto ambao kila masika huhama njia
na kuwaacha watu wakiuliza leo wako nchi gani.
Pua moja. Mwanya mmoja.
"Mbamba Bay," wakasema, "kaka yetu anaozesha binti.
Tupe chumba kimoja, tulale tukipiga soga."

Namba nne: vitanda viwili, mashuka ya buluu,
kidirisha cha duara kinachotazama maji yaleyale.
Nikaomba vitambulisho.
Hapo ndipo undugu ulipoachana njia.
Huyu, elfu arobaini na tano.
Huyu, dola sabini.

Subilaga alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kanisani.
"Mwanangu, tumelala tumbo moja.
Mama hakututoza tofauti."
Nikasema ni kanuni.
Nikasema gati limejengwa kwa kodi ya wenyeji.
"Na kokoto za gati hilo," akasema,
"nilizibeba mimi kwa kichwa, kabla sijaolewa."
Sikuwa na safu ya kokoto kwenye karatasi.

Gwantwa naye akapata moto:
"Debe langu ni moja! Aje askofu, aje mlevi,
kichwa cha debe ni kilekile!"
Nikamuuliza taratibu,
"Hata wale wanaoshuka kwenye magari ya Dar?"
Mvua ikajibu kwanza.
"Wale," akasema, "wale huwa natazama viatu."
Tukacheka watatu, nondo sita katikati yetu,
na wakalipa, kila mmoja bei ya karatasi yake.

Siku ya tano wakarudi.
Harusi imesogezwa;
upande wa bwana harusi bado ng'ombe wawili.
Wakanyoosha tiketi. Nikaigeuza karatasi ya nauli,
maana nyuma yake kuna herufi ndogo kama chawa:
Aliyelipa dola, akighairi siku mbili kabla, arudishiwe zote.
Aliyelipa shilingi, fedha ikipokelewa hairudi.
Nilisoma mara mbili,
nikitumaini maneno yatajirekebisha kwa aibu.

Gwantwa hakupiga kelele. Ningependa angepiga.
"Kumbe," akasema, "nilipunguziwa bei
nikauziwa mlango usiofunguka kwa ndani."
Alikuwa ameuza madebe mangapi kwa tiketi ile,
sikuuliza. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu vyenyewe.

Nikamhesabia Subilaga noti zake, mpya,
zimenyooka kama shati la mwalimu mgeni.
Akachukua moja, ya ishirini.
Akaikunja mara moja, akanitazama.
Akaikunja mara ya pili, ya tatu, ya nne,
hadi ikawa ndogo kama punje ya kakao,
akaichomeka kwenye pindo la khanga ya mdogo wake,
akafunga fundo.
"Hii sasa haipokelewi dirishani kwako," akaniambia.
"Ndaga fijo."
Wakafungua mwavuli wao mmoja.

Meli iliondoka Alhamisi.
Kwenye daftari, mbele ya namba nne, niliandika: wazi.
Kisha kuna kisanduku cha bei.
Kalamu yangu ilikaa hapo muda mrefu.