Ishirini na Nane

Saa kumi na mbili kasoro robo, jua likiwa bado kwenye mabati,
Konstebo Bahame alisaini kwa kalamu yangu:
bunduki moja, magazini moja, risasi thelathini.
Nilizihesabu mezani mbele yake, mbili mbili,
kama muuza mayai wa Buguruni anayekwepa lawama.
Akanitania: "Afande Tumpale, mbona hutuamini?"
Nikamwambia mtu simwamini, naamini daftari.

Saa tisa usiku alirudi.
Buti zimelowa tope la Msimbazi,
mkanda umelegea, salamu haitoki.
Nikahesabu. Ishirini na nane.
Nikarudia, nikausingizia usingizi.
Ishirini na nane.

Tangu hapo wanakuja, kila mmoja na chombo chake.
Wa kwanza alikuja na futi kamba,
akapima kichochoro cha Mburahati
toka mlango wa choo hadi kwenye doa.
Hatua kumi na moja, akaandika, akapiga mstari chini.
Wa pili alikuja na kinasa sauti.
Ulisema "simama" mara ngapi?
Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati?
Alikupa uso au mgongo?
Bahame akajibu kama anayekariri:
giza, alikimbia, alishika kitu cha chuma.

Kitu cha chuma kipo hapa kwangu,
ghala halichagui mgeni.
Ni spana,
mpini wake umezungushiwa utepe mwekundu wa umeme
isije ikachanganyika na za mafundi wenzake.
Mwinjuma Pazi, miaka ishirini na mitatu,
alikuwa akitoka kufufua jokofu la muuza maziwa.
Maziwa hayangoji kukuche.

Wa tatu hakuja na chombo.
Alirudisha mlango, akakalia kreti, akaniita mwanangu.
"Daftari lina nafasi," akasema, "pale pembeni.
Andika moja ilipigwa hewani.
Kijana ana mke, mke ana mimba ya miezi saba.
Aliyekufa keshakufa, tumwokoe aliye hai."
Nikaitazama ile nafasi,
nyeupe, upana wa kidole,
uongo wa maneno matatu ungeenea na kubaki.

Msinipe ushujaa nisiokuwa nao.
Nilimwambia wino umekwisha.
Kalamu ilikuwa mfukoni, imejaa, inanichoma titi.

Bahame amesimamishwa, lakini jioni huja.
Hukaa ngazini kwa kandambili na kaptura,
na bila sare anaonekana mdogo, kama ametumwa dukani.
Haulizi kesi imefika wapi.
Jana aliuliza: "Afande, ile jioni
ungeninyima bunduki, ungeandika sababu gani?"
Nikafungua daftari nikalitafuta jibu.
Kuna safu ya saa, ya namba, ya lindo,
ya sababu ya kutoa.
Ya kunyima haipo.

Na leo asubuhi amekuja Bi Siwema,
mama yake Mwinjuma, na khanga ya pili begani.
Hakutaja hatua wala mvua.
Anataka spana.
Mdogo mtu ameanza ufundi, anaazima za watu.
Nikamwambia, mama, ni kielelezo,
haitoki mpaka shauri liishe.
"Litaisha lini?"
Sikujua, nikatazama kalenda kana kwamba imo.
"Na hiyo bunduki?"
Nayo ni kielelezo, mama. Vyote viko rafu moja.

Akakunja khanga yake, akaikunjua.
Akasogeza uso kwenye nondo za dirisha
akachungulia nyuma yangu, kwenye kiza cha ghala,
muda mrefu, kama anayetazama chumba cha wageni.
"Kwa hiyo," akasema,
"usiku vinalala pamoja?"